Boksi la samaki kutoka Tanga hadi Dodoma: nani anafika mzima na nani usimwagize

Anayetaka samaki wa bahari akiwa Dodoma ana njia tatu. Kuna mafriza ya madukani, ambako changu amelala haijulikani tangu lini. Kuna mzigo wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, unaopanda kwa barabara. Na kuna boksi la kuagiza Tanga: unampigia mchuuzi wa mwaloni, pale vyombo vinaposhusha samaki, unatuma pesa kwa simu, anapakia, basi linashusha Nanenane, stendi kuu ya Dodoma, unakwenda kupokea. Tathmini hii ni ya njia hiyo ya tatu, kwa mtu anayeagiza kilo 10 hadi 30 za nyumbani, za mgahawa mdogo au za kugawana na majirani.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa pweza, tasi na changu, boksi la Tanga halina mpinzani hapa mjini. Kwa vibua na jodari ni bahati nasibu, na bahati mbaya yake inaweza kukulaza kitandani. Kwa kamba usijisumbue. Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa bara hawalipi uzito: lawama nyingi zinazorushwa kwa barafu, kwa kondakta au kwa mchuuzi zinatokana na kuagiza siku ambayo bahari haikuwa na kitu. Mchuuzi aliyekwisha pokea pesa yako hatakurudishia kwa urahisi. Atajaza boksi kwa alichonacho, na alichonacho siku hiyo ni cha juzi.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia boksi, ieleweke ghuba yenyewe.

Jiji la Tanga limekaa upande wa kusini wa ghuba ambayo mdomo wake umetazama mashariki, kwenye Mkondo wa Pemba. Ras Kazone imejitokeza kwa kusini, rasi ya Chongoleani kwa kaskazini, na mbele ya bandari kuna kisiwa kidogo cha Toten. (Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443. Bomba hilohilo linapita mkoa wetu wa Dodoma, kwa hiyo jina hilo si geni huku.) Ndani kabisa ya ghuba mito Sigi na Mkulumuzi inamwaga maji yaliyoshuka kutoka upande wa Usambara. Huko kuna tope na mikoko. Ukitoka nje unakutana na majani ya bahari, mafungu ya mchanga na miamba ya matumbawe, pamoja na visiwa vya Ulenge kwa kaskazini, Yambe na Karange kwa kusini. Ukishapita miamba, chini kunaporomoka ghafla: Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba mwalo mmoja unapokea samaki wa maji matatu tofauti kabisa. Mkizi, mwatiko na kaa wa matope wanatoka kwenye tope na mikoko. Tasi, changu, pono, chewa na pweza wanatoka kwenye majani na miamba. Vibua, nguru, kolekole na jodari wanavuliwa nje, kwenye maji makubwa. Kila kundi lina siku zake, vyombo vyake na watu wake, na hakuna mchuuzi anayeweza kukupa yote kwa ubora uleule asubuhi moja. Anayekuambia "samaki wote wapo, agiza tu" anakuuzia friza.

Watu wake nao si wamoja. Kaskazini, kuelekea Mkinga na mpaka wa Kenya, vijiji vingi ni vya Wadigo na Wasegeju. Kusini kuna Mwambani, Tongoni yenye magofu na makaburi ya kale ya nguzo, kisha Kigombe, halafu Pangani. Huko wamechanganyika watu wa pwani wa asili nyingi. Wabondei wa Muheza na Wasambaa wa milimani ni wanunuzi na wachuuzi zaidi kuliko wavuvi. Juu yao kuna Wapemba wanaokuja kupiga dago, yaani kuweka kambi ya uvuvi kwa msimu, kisha wanaondoka. Wenye ngalawa za vijijini wengi wana pia minazi na mihogo. Bahari ikichafuka wanashika jembe, hawalazimiki kwenda majini kwa sababu mtu wa Dodoma ana harusi.

Jambo la Ijumaa nalo lizingatiwe. Wavuvi wengi wa ghuba hiyo ni Waislamu na siku hiyo wengi hawaendi baharini, au wanawahi kurudi. Boksi linalopakiwa Jumamosi alfajiri lina nafasi kubwa ya kuwa na samaki wa Alhamisi. Wanunuzi wa Dodoma, kwa kuwa wanataka kula Jumapili, wanaagiza hasa siku hiyo. Ukiweza, pokea Jumatano au Alhamisi. Mwezi wa Ramadhani wavuvi wanapungua, na kidogo kinachopatikana kinagombewa Tanga kwenyewe kwa ajili ya futari.

Kuagiza kwa mwezi

Pwani ya Tanga maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, miamba inabaki wazi, na kupwa kwenyewe huangukia mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, ambapo maji hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha kukuongoza. Tarehe 28 hadi 3 na tarehe 13 hadi 18 za mwezi huo ni siku za bamvua, na hizo ndizo siku za pweza. Watu wanatembea juu ya mwamba kwa miguu, wanawake kwa wanaume, wakiwa na chuma au mti uliochongoka, wanachokoa pweza mashimoni. Wanarudi kabla ya adhuhuri na pweza wa saa mbili tatu tu. Mchuuzi mzuri anampokea, anamtoa matumbo, anamtia kwenye barafu papo hapo, na kesho yake unaye Dodoma. Pweza wa siku za maji mafu wapo, lakini ni wa wazamiaji, ni wachache, na wakubwa wanawahiwa na wanunuzi wa viwanda vinavyouza nje ya nchi.

Zingatia uzito. Sheria ya uvuvi inakataza pweza chini ya gramu 500. Kwa supu na kwa kukaanga, agiza wa kilo 1 hadi 2. Vijiji kadhaa vya pwani yetu vina utaratibu wa kufunga mwamba kwa muda, mara nyingi miezi mitatu, ili pweza wakue. Siku ya kufungua wanapatikana wengi na wazito. Mchuuzi mwenye mtandao wa kweli anazijua tarehe hizo. Mwulize, jibu lake litakuonyesha kama yeye ni mtu wa mwaloni au ni dalali wa simu tu.

Vibua na dagaa mchele wanakwenda kinyume. Hao huvuliwa usiku kwa taa na nyavu ya ringi, ile inayozungushiwa kundi la samaki, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwa imetanda. Wavuvi wanaita kipindi cha kazi "giza": takribani kuanzia tarehe 20 ya mwezi wa Kiislamu hadi tarehe 8 au 9 ya mwezi unaofuata. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu mashua nyingi za ringi zinapumzika na nyavu zinashonwa. Mtu akikutumia vibua "wa leo" tarehe 15, umeuziwa wa friza.

Tasi na changu hawafuati mwezi kwa ukali huo. Wanategwa kwa dema (mitego ya kusuka), nyavu ndogo na mishipi, na wanapatikana muda mwingi wa mwaka.

Upepo ndio unaoamua mengine. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba na hasa Juni hadi Agosti, hupiga kwa nguvu. Ngalawa zinajibana ndani ya miamba na ndani ya ghuba. Miezi hiyo agiza samaki wa mwamba, usidai nguru. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari inafunguka na nguru na jodari wanapatikana kwa bei ya maana. Masika ina shida yake: mito ikifurika, ghuba inakuwa ya rangi ya udongo, mzamiaji haoni kitu, na pweza anaadimika hata kama ni bamvua. Mvua kubwa ikinyesha Amani na Muheza leo, ahirisha pweza kwa siku tatu nne.

Nani anasafiri na nani hasafiri

Changu ndiye samaki wa boksi. Nyama yake ngumu, mafuta kidogo, akitolewa matumbo na matamvua na kufunikwa barafu vizuri anakaa siku nyingi bila kuharibika. Chewa vivyo hivyo, na kichwa chake kinatoa supu nzito. Usikubali akatwe kichwa Tanga.

Tasi ni mtamu kuliko changu, hapo hatubishani na mtu, ila ana masharti. Anakula majani ya bahari, na tumbo lake linaoza haraka kuliko nyama. Akikaa na matumbo saa chache kwenye joto, uchungu na harufu vinaingia nyamani na havitoki kwa ndimu wala tangawizi. Mwagize akiwa ametolewa matumbo palepale mwaloni, na ukimpokea pasua tumbo umtazame kwa ndani: ngozi ya tumbo iwe nyeupe au yenye weusi wake wa asili, isiwe ya kijani inayovuka hadi nyamani. Tahadhari nyingine ni miiba ya mgongoni, ina sumu inayochoma hata samaki akiwa amekufa. Kata miiba kwa mkasi kwanza, ndipo ushike kisu.

Pono usiagize. Rangi yake inavutia kwenye picha ya simu, lakini nyama yake ni laini na ina maji. Baada ya kilomita karibu 600 inafika imelegea na ukikaanga inavunjika vipandevipande.

Papa na taa wabichi pia usiagize. Mwilini mwao kuna urea ambayo ikianza kuvunjwa na bakteria inatoa amonia, ile harufu ya choo inayopanda puani boksi likifunguliwa. Barafu inachelewesha tu. Lakini hao hao wakipasuliwa, wakapakwa chumvi na kuanikwa kuwa ng'onda, ni bidhaa nzuri kuliko zote kwa mtu wa Dodoma. Ng'onda haitaki barafu, anasafiri kwenye kiroba, hewa yetu kavu inamtunza, na kilo moja inalisha watu wengi kwa kuwa maji yameshatoka. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mara moja na umwage tena, ndipo uunge kwa nazi. Ukimkuta ananata au ana madoa mekundu, mrudishe.

Vibua, nguru na jodari wanahitaji maneno ya ukali kidogo. Samaki wa jamii hii wakikaa kwenye joto hukusanya histamini nyamani. Haina harufu ya kuonya, haitoki kwa kuchemsha, kwa kukaanga wala kwa kugandisha. Mlaji anawiva uso, kichwa kinagonga, mwili unawasha, wakati mwingine anatapika, na wengi husema "nina aleji ya samaki" kumbe samaki alipigwa jua kwa saa kadhaa. Kwa hiyo kwa kundi hili hakuna "ameanza kulegea kidogo lakini analika". Kama barafu imeisha na mwili wa samaki una uvuguvugu, usimle, na usimpe jirani.

Mkizi na mwatiko wa ndani ya ghuba wana ladha ya tope wakati wa mvua. Wanalika. Kwa gharama ya kusafirisha, perege wa bwawa la Mtera anawashinda.

Kamba wa Tanga ni wachache na wanaishia hotelini. Kamba wa maana nchini wanatoka zaidi delta ya Rufiji na upande wa Saadani, na njia yao ya kawaida ni Dar es Salaam. Waagize huko.

Siku moja moja utatumiwa picha ya samaki mkubwa wa ajabu, mwenye mapezi manene kama viganja na magamba magumu. Huyo ni silikanti, anayenaswa kwenye majarife, nyavu za macho makubwa, yanayotegwa kilindini. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009 kwa ajili yake. Ni nyara, si kitoweo, na nyama yake yenye mafuta ya nta inaharisha.

Boksi lenyewe

Safari ni Tanga, Muheza, Segera, Chalinze, Morogoro, Gairo, Kibaigwa, Dodoma. Ni karibu kilomita 600 na mara nyingi inachukua saa 10 au zaidi, kutegemea mizani na foleni. Kwa kawaida basi linaondoka alfajiri, wakati mnada wa mwaloni unafanyika asubuhi. Hapo ndipo kasoro kubwa ya huduma hii ilipo: samaki wako ananunuliwa leo asubuhi, anasafiri kesho alfajiri. Karibu siku nzima na usiku mmoja anakaa mikononi mwa mchuuzi. Wengi wanamtupa kwenye beseni kivulini, wanamtia barafu wakati wa kufunga boksi tu ili barafu ionekane nyingi kwenye picha. Picha inapendeza. Samaki ameshakufa mara ya pili.

Sharti la kwanza basi, na lisemwe kabla ya kutuma pesa: atolewe matumbo na atiwe barafu ndani ya saa moja ya kununuliwa, na picha uitake ya mchana huo, si ya alfajiri.

Sharti la pili ni kipimo. Uzito wa barafu uwe sawa na uzito wa samaki, kilo kwa kilo. Wachuuzi wanalalamika kwamba unalipa nauli ya maji, lakini hesabu ni rahisi. Kilo 10 za samaki wenye joto la mwaloni, nyuzi 28 hivi, zinayeyusha kilo 3 za barafu ili zishuke hadi nyuzi 0 tu, kabla basi halijawasha injini. Ukiwekewa kilo 4, umebakiwa na kilo 1 ya kupambana na joto la njia nzima. Nafuu ni kumpoza samaki kwanza kwenye deli lenye maji na barafu usiku kucha, kisha kumfunga alfajiri kwa barafu mpya. Ukifanya hivyo hata robo tatu kwa kilo inatosha.

Barafu iwe imepondwa. Mapande makubwa yanaacha uwazi wa hewa na kona zake zinachubua nyama. Chupa za maji ya lita 1.5 zilizogandishwa ni msaada mzuri pembeni na juu, hazivuji na ukifika unazirudisha friza, lakini peke yake hazitoshi kwa sababu zinamgusa samaki mahali pachache. Mpangilio unaofanya kazi kwenye boksi jeupe la povu ni huu: mfuko mzito wa nailoni kwanza, tabaka la barafu la vidole vinne, samaki tumbo chini ili maji yasijae ndani, barafu kati yao, barafu juu, funga mfuko, chupa pembeni, magazeti juu, mfuniko, solotepu mzunguko mzima. Boksi lijae. Boksi la kilo 20 lililobeba kilo 12 lina hewa nyingi na hewa hiyo ni joto.

Mfuko mzito una sababu nyingine. Boksi likivuja, kondakta atalihamisha mahali ambapo maji hayatachafua mizigo ya abiria, na mahali hapo huwa ni pabaya. Mabasi mengi injini iko nyuma; buti la nyuma linapata moto wa kuiva ugali. Andika kwa kalamu nene "BUTI LA MBELE – SAMAKI – DODOMA", jina na namba ya mpokeaji pande mbili, na mchuuzi akutumie namba ya gari na ya kondakta. Risiti ya mzigo itunze. Bila hiyo hakuna ofisi ya basi itakayokusikiliza, boksi likishushwa Morogoro kwa makosa.

Kwa mgahawa au muuzaji, mzigo ni biashara na unataka leseni na kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi. Kukosa karatasi barabarani kunamaanisha boksi kusimama juani watu wakijadiliana.

Kupokea Nanenane

Fika kabla ya basi. Kituo kikuu pale Nzuguni kina jua la kutosha na sakafu yake inahifadhi joto hadi jioni. Boksi likikaa saa moja chini limepoteza kazi yote ya njiani. Nenda na deli na barafu kidogo ya akiba. Fungua palepale, usisubiri nyumbani, maana malalamiko ya kesho hayana uzito.

Angalia kwanza barafu: theluthi moja au zaidi ikiwa imebaki, boksi limefaulu. Kama imekuwa maji lakini maji yanauma vidole kwa baridi, changu na tasi ni wazima, wapikwe siku hiyo. Maji ya vuguvugu yenye wekundu ni kushindwa. Kipimajoto cha jikoni kikiwepo, kichomeke mahali nyama ilipo nene, nyuma ya kichwa: chini ya nyuzi 4 ni salama. Macho usiyaamini sana, kwani barafu inayafanya meupe hata kwa samaki mzuri. Kama matamvua hayakutolewa, yatazame: mekundu au ya waridi ni sawa, kahawia siyo. Bonyeza nyama kwa kidole, irudi. Kisha mpasue mmoja umtazame damu ya kwenye uti: ikiwa nyekundu inayong'aa, safi, ikiwa kahawia na inanuka, alikaa joto kabla ya barafu.

Hapo kwenye uti kuna jambo jingine la kuchungulia. Uvuvi wa baruti uliisumbua sana pwani ya Tanga kwa miaka mingi, na ingawa msako mkali umeupunguza, samaki wake bado unaweza kukutana naye. Uti unakuwa umevunjika ilhali nje hakuna jeraha, damu imevilia tumboni, nyama imeachana na mifupa kabla ya kupikwa. Huyo mkatae hata kama ana barafu ya kutosha. Anaoza upesi kwa sababu viungo vya ndani vilishapasuka, na pesa yako inalipia mwamba uliovunjwa, ambao ndio ungekupa tasi wa mwakani.

Pweza mpime kwa mikono. Awe anateleza bila kunata, vinyonyeo vimekaza, harufu ya bahari. Ngozi inayotoka ukiipangusa kwa kidole ni ya zamani. Ukipokea kilo 10 usiwaahidi watu kilo 10: akichemka anabaki karibu nusu. Asitiwe maji, sufuria yenye mfuniko, moto mdogo, dakika 45 hadi 60, anatoa maji yake mwenyewe. Na kama alifika ameganda, usilalamike. Kugandishwa kunamlainisha, kazi ambayo pwani hufanywa kwa kumpiga kwenye jiwe.

Ukilinganisha na mzigo wa Feri: Dar es Salaam ni karibu zaidi, kama kilomita 450, na nguru na kamba wa huko wanafika katika hali bora. Lakini Feri inapokea samaki wa pwani nzima, Mafia, Kilwa, Bagamoyo, wakishachanganywa, na hakuna muuzaji atakayekuambia huyu alivuliwa lini na wapi. Ubora wa boksi la Tanga ni kwamba swali hilo lina jibu. Kwa chakula cha kawaida cha katikati ya juma, perege au kambale wa Mtera na Hombolo aliyevuliwa usiku wa jana anamshinda changu aliyeteswa na barafu haba, na hahitaji kondakta.

Hesabu ya pesa ifanye kwa nyama inayoingia sufuriani. Jumlisha bei ya samaki, barafu, boksi, nauli ya mzigo na bajaji ya kutoka Nzuguni, kisha gawa kwa kilo zilizobaki baada ya kutoa matumbo na maji. Boksi la kilo 5 karibu kila mara ni hasara, kwa kuwa gharama za boksi na nauli hazipungui kwa uwiano huo, na boksi dogo linapata joto haraka zaidi. Kuanzia kilo 15 inaanza kulipa. Tafuteni majirani watatu wanne, muagize pamoja.

Ukigawa, usirudishe kwenye friza samaki wote kwa mkupuo. Friza ya nyumbani ikitupiwa kilo 15 mara moja inachukua siku nzima kuwagandisha wa katikati. Tenga vifurushi vya mlo mmoja mmoja, bapa, visivyozidi kilo 1, vipange vikiwa vimeachana, na vya vibua viwe karibu na ukuta wa baridi. Umeme ukikatika usifungue. Friza iliyojaa hukaa takribani saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na kati ya vifurushi hivyo vibua na jodari ndio wa kutolewa na kupikwa kwanza wakiwa bado wana barafu ndani.